Guglielmo Marconi: Mfanyabiashara wa Mawimbi

Utangulizi

Mumbuni ni eneo lililo pembezoni mwa mji wa Machakos, karibu na milima ya Iveti. Huko, kama ilivyo kwingineko Ukambani, redio imekuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Habari za mvua, bei ya mahindi, matangazo ya vifo na nyimbo za benga huwafikia watu kwa Kikamba kupitia vituo kama vile Musyi FM, ambacho jina lake lina maana ya nyumbani. Msikilizaji huyajua majina ya watangazaji na waimbaji, na pengine humjua hata mwenye kituo. Asilolijua aghalabu ni jina la aliyeunda mtambo. Hata hivyo, hakuna sauti inayotoka studioni, ikavuka bonde na kumfikia mtu jikoni mwake bila kipaza sauti, mtambo wa kurushia matangazo, mlingoti na kipokezi. Vifaa hivi havioti shambani. Huundwa na kuuzwa na kampuni, na kampuni hizo zina historia.

Mwanzo wa historia hiyo umefungamana na maisha ya Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyefariki mwaka 1937. Vitabu vingi vya shule humtaja kuwa mvumbuzi wa redio. Sifa hiyo imezua ubishi mkubwa, kama itakavyobainika. Lisilo na ubishi ni kwamba yeye ndiye aliyeifanya elimu ya mawimbi kuwa bidhaa, akaanzisha kampuni ya kuunda na kuuza bidhaa hiyo, kisha akapigania kampuni yake iwe na kauli ya mwisho kuhusu nani azungumze na nani angani. Makala haya yanayafuatilia maisha yake kwa kuzingatia upande huo, kwa kuwa ndio ulioacha alama hata katika masikio ya watu wa Machakos.

Kuzaliwa na Malezi

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 katika mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia. Babake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mamake, Annie Jameson, alitoka Ireland katika ukoo mashuhuri wa watengenezaji wa wiski. Kwa hivyo mtoto huyu alikulia katika lugha mbili, Kiitaliano cha babake na Kiingereza cha mamake. Jambo hili si dogo. Miaka ishirini baadaye lugha ya mama pamoja na jamaa za mama ndivyo vilivyomfungulia milango ya London.

Kijana huyu hakuwahi kuwa mwanachuo rasmi. Sehemu kubwa ya masomo yake aliyapata kwa walimu wa nyumbani, na alipofika umri wa kwenda chuo kikuu hakuwa na sifa zilizohitajika. Aliyemfaa ni Augusto Righi, profesa wa fizikia wa Bologna aliyekuwa jirani wa familia yake. Righi alimruhusu kutumia maabara na kusoma vitabu vya chuo. Huko ndiko alikokutana na kazi za Heinrich Hertz, mwanasayansi wa Kijerumani aliyefariki mwanzoni mwa mwaka 1894.

Ni muhimu kukumbuka kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Katika miaka ya 1860, Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo na kwamba husafiri kwa kasi ya mwanga. Hertz aliyathibitisha kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1880. Mfaransa Édouard Branly alibuni kichupa cha kioo chenye unga wa metali ambacho kiliweza kuyatambua. Mwingereza Oliver Lodge aliyaonyesha hadharani mwaka 1894, na Mhindi Jagadish Chandra Bose alifanya vivyo hivyo mjini Calcutta. Nchini Urusi, Alexander Popov alikuwa akishughulikia jambo lilo hilo. Wote hao walikuwa wasomi waliotaka kujua. Marconi alitaka mawimbi yafanye kazi ya kulipwa.

Kilima Nyuma ya Nyumba

Majaribio ya Marconi yalifanyika katika nyumba ya familia yake, Villa Griffone, iliyoko Pontecchio karibu na Bologna. Alianzia katika chumba cha juu, akitumia cheche za umeme upande mmoja na kichupa cha Branly upande wa pili. Mwaka 1895 alitoka nje na kufanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulitilia maanani. Waya mmoja wa mtambo wake aliuinua juu hewani, na mwingine akauzika ardhini. Kadiri alivyouinua waya ule ndivyo umbali ulivyoongezeka. Hapo ndipo mlingoti wa redio ulipozaliwa.

Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na kilima. Kakake, Alfonso, alibeba kipokezi hadi upande wa pili wa kilima mahali ambapo hawangeweza kuonana. Makubaliano yalikuwa kwamba ishara ikifika, bunduki ingelia. Marconi alibonyeza swichi, na mlio wa bunduki ukasikika kutoka bondeni. Umbali ulikuwa takriban kilomita mbili tu. Jambo la kutia maanani halikuwa urefu wa safari bali kile kilima kilichokuwa katikati. Mkaazi yeyote wa nchi ya vilima kama Machakos analielewa vyema. Anajua kwamba kituo cha FM kinachosikika barabara upande mmoja wa mlima huweza kukoroma au kupotea kabisa upande wa pili, kwa kuwa mawimbi hayo mafupi husafiri takriban kama mwanga na mlima huyazuia. Mawimbi marefu huweza kupinda na kufuata umbo la ardhi. Marconi hakuwa na nadharia ya kueleza hayo. Alikuwa na ushahidi wa bunduki.

Safari ya London na Kuundwa kwa Kampuni

Mwezi wa Februari 1896, Marconi akiwa na umri wa miaka 21 alifika London pamoja na mamake. Binamu yake, Henry Jameson Davis, alimpokea na kumjulisha kwa watu wenye fedha na wenye madaraka. Miongoni mwa waliopendezwa na kazi yake ni William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza. Mwezi wa Juni mwaka huo Marconi aliomba hataza, yaani hati ya serikali inayompa mtu haki ya pekee ya kutumia na kuuza uvumbuzi wake. Mwezi wa Mei 1897 ujumbe wake ulivuka maji ya Ghuba ya Bristol, kutoka Lavernock hadi kisiwa cha Flat Holm.

Preece alitarajia kwamba chombo hiki kingekuwa cha Posta, mali ya umma. Marconi na jamaa zake walikata shauri tofauti. Tarehe 20 Julai 1897 waliandikisha kampuni ambayo mwaka 1900 ilipewa jina la Marconi's Wireless Telegraph Company. Mwishoni mwa 1898 kampuni hiyo ilifungua kiwanda katika mtaa wa Hall, mjini Chelmsford, ambacho hutajwa kuwa kiwanda cha kwanza duniani cha kuunda vifaa vya redio. Mafundi walisokota koili, wakapima waya, wakaunda vichupa na swichi kwa mikono yao. Mwaka 1912 kampuni ilihamia kiwanda kikubwa zaidi katika mtaa wa New mjini humo humo.

Tarehe 12 Desemba 1901, Marconi akiwa kwenye kilima cha Signal, St John's, Newfoundland, alirusha waya hewani kwa tiara na kutangaza kwamba alikuwa amesikia nukta tatu za herufi S zilizotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Waliosikia ni yeye na msaidizi wake pekee, na hadi leo wapo wataalamu wasiosadiki. Marconi alitambua udhaifu wa ushahidi huo. Mapema mwaka 1902 alisafiri kwa meli Philadelphia akiwa na mashine iliyochapa ishara kwenye utepe wa karatasi mbele ya mashahidi. Ujumbe ulipokelewa katika umbali wa zaidi ya kilomita 2,400. Ni katika safari hiyo alipogundua kwamba ishara hufika mbali zaidi usiku kuliko mchana. Mtu yeyote aliyewahi kumiliki redio ya mawimbi ya wastani amewahi kuliona jambo hili, pale ambapo jua likishatua stesheni za nchi za mbali huanza kujipenyeza kati ya zile za karibu.

Mashine ya Kukodi na Kinywa cha Kukodi

Kampuni ya Marconi haikuwauzia wenye meli vifaa vyake. Iliwakodisha. Pamoja na kifaa ilimtuma mwendeshaji, kijana aliyefunzwa na kampuni, aliyelipwa na kampuni na aliyeitii kampuni. Isitoshe, vituo vya Marconi vya pwani viliagizwa kutojibu meli zilizotumia vifaa vya kampuni nyingine, isipokuwa zikiwa hatarini. Kwa kifupi, aliyekosa chombo cha Marconi hakuwa na wa kuzungumza naye. Mwaka 1901 mkataba na shirika la Lloyd's, lililokuwa na vituo vya kupokelea habari za meli katika bandari nyingi, uliukaza mtego huo.

Utaratibu huu uliwaudhi wengi. Mwaka 1902 Prince Heinrich, nduguye Kaisari wa Ujerumani, alikuwa akirejea kutoka Marekani kwa meli iliyokuwa na vifaa vya Kijerumani. Salamu zake zilikataliwa na vituo vya Marconi. Mwaka 1903 Ujerumani iliitisha mkutano wa mataifa mjini Berlin kulizungumzia suala hilo, na mwaka huo huo kampuni za Siemens na AEG ziliunganisha kazi zao za redio na kuunda Telefunken, mshindani mkubwa wa Marconi. Mkutano wa pili wa Berlin, mwaka 1906, ulifikia mkataba uliovilazimisha vituo vya pwani na meli kupokezana ujumbe bila kujali vifaa vimeundwa na nani. Huo ndio uliokuwa msingi wa sheria za kimataifa za redio.

Ushindani huo ulifika hata Afrika Mashariki. Wajerumani walijenga vituo vya redio katika koloni lao, kimojawapo kikiwa Dar es Salaam. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Uingereza iitwayo Astraea iliushambulia mji huo kwa mizinga, na shabaha yake kuu ilikuwa kituo cha redio. Milingoti ilikwisha kuwa mali ya kupiganiwa kabla mwananchi wa kawaida wa sehemu hizi hajasikia sauti yoyote ikitoka ndani ya kisanduku.

Sifa na Kashfa

Mwaka 1909 Marconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun, ambaye uvumbuzi wake ulitumiwa na Telefunken. Mahasimu wawili wa biashara walisimama jukwaa moja. Mwezi wa Aprili 1912 meli Titanic ilizama. Waendeshaji wake wawili wa redio, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marconi. Watu takriban 1,500 waliangamia, Phillips akiwemo, lakini zaidi ya 700 waliokolewa kwa sababu meli Carpathia iliusikia mwito wao. Jina la Marconi likawa kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Mwaka huo huo, hata hivyo, mawaziri wa serikali ya Uingereza walinunua hisa za kampuni ya Marconi ya Marekani wakati kampuni ya Uingereza ikijadiliana na serikali kuhusu zabuni kubwa ya kujenga vituo vya himaya. Mmoja wao, Rufus Isaacs, alikuwa ndugu wa mkurugenzi wa kampuni, Godfrey Isaacs. Bunge lilifanya uchunguzi na mawaziri hao wakasalia madarakani, lakini doa lilibaki. Marconi mwenyewe hakutiwa hatiani. Mwezi wa Septemba mwaka 1912 alipata ajali ya gari nchini Italia na kupoteza jicho lake la kulia.

Maisha yake ya nyumbani nayo hayakuwa na utulivu. Mwaka 1905 alikuwa amemwoa Beatrice O'Brien wa Ireland, wakajaliwa watoto. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1924. Mwaka 1927 alimwoa Maria Cristina Bezzi-Scali, Mwitaliano wa ukoo wa kikabaila, na binti yao aliitwa Elettra, jina la meli ambayo Marconi aliinunua baada ya vita na kuifanya makao na maabara yake baharini.

Kutoka Nukta hadi Sauti

Katika miaka yake ya kwanza Marconi hakufikiria utangazaji kama unavyojulikana leo. Redio kwake ilikuwa telegrafu isiyo na waya, yaani ujumbe wa siri kati ya mtu na mtu. Kwamba kila mwenye kipokezi angeweza kuusikia ulikuwa upungufu wa kurekebishwa. Hataza yake mashuhuri ya mwaka 1900, nambari 7777, ilihusu namna ya kuvilinganisha vyombo viwili ili vizungumze katika masafa mamoja pasipo kuingiliwa.

Kilichobadilisha hali ni taa yenye ombwe ndani yake, iliyobuniwa mwaka 1904 na John Ambrose Fleming, mshauri wa kampuni ya Marconi, na kuendelezwa na Mmarekani Lee de Forest. Taa hizo ziliwezesha mtambo kubeba sauti ya binadamu badala ya cheche za nukta na vistari. Tarehe 15 Juni 1920, mwimbaji maarufu wa Australia, Nellie Melba, aliimba mbele ya kipaza sauti katika kiwanda cha Chelmsford. Wimbo ulisikika katika nchi nyingi za Ulaya. Ile sifa iliyoonekana kuwa upungufu, ya ujumbe mmoja kusikika na wote, sasa ilionekana kuwa mali.

Swali likawa ni nani atakayenunua vipokezi iwapo hakuna cha kusikiliza. Mwaka 1922 kampuni ya Marconi ilianza matangazo katika kijiji cha Writtle karibu na Chelmsford, kisha ikafungua kituo cha 2LO mjini London. Mwezi wa Oktoba mwaka huo waundaji wakuu wa vifaa vya redio nchini Uingereza, Marconi akiwa miongoni mwao, waliungana na kuunda British Broadcasting Company. Hiyo ndiyo BBC, ambayo haikugeuka kuwa shirika la umma hadi Januari 1927. Kwa maneno mengine, shirika lililokuja kuwa kielelezo cha utangazaji duniani lilizaliwa likiwa mbinu ya viwanda ya kuuzia bidhaa. Nchini Marekani mambo yalikwenda kinyume. Serikali, hasa jeshi la wanamaji, haikutaka kampuni ya kigeni ishike mawasiliano ya taifa. Mwaka 1919 kampuni ya General Electric ilinunua kampuni ya Marconi ya huko na kuunda RCA.

Nairobi, Walowezi na Kampuni

Katika miaka ya 1920 Marconi alirudi kwenye mawimbi mafupi na kuonyesha kwamba kwa nguvu ndogo ya umeme yangeweza kuzunguka dunia. Kuanzia mwaka 1926 vituo vyake viliiunganisha London na Kanada, kisha Australia, Afrika Kusini na India, kwa bei iliyozitia hofu kampuni za nyaya za chini ya bahari. Serikali ya Uingereza ilitaka kuziokoa kampuni hizo. Mwaka 1929 shughuli za mawasiliano za Marconi ziliunganishwa na za nyaya katika kampuni moja, ambayo mwaka 1934 ilipewa jina la Cable and Wireless.

Hapo ndipo mkondo wa maisha ya Marconi unapoingia Kenya. Matangazo ya redio yalikuwa yameanza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza, yakiwalenga walowezi waliotaka habari za kwao. Katika miaka ya 1930 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Cable and Wireless, iliyoendesha utangazaji nchini hadi mwaka 1959. Umbali kutoka Nairobi hadi Machakos hauzidi kilomita 65 au hivi. Mawimbi yalifika Mumbuni bila shida yoyote, yakapita juu ya paa za nyasi na kwenda zake. Hayakuwa na neno kwa wenyeji, kwa kuwa wenyeji hawakuhesabiwa kuwa wanunuzi wa redio. Kikwazo hapa hakikuwa mlima kama ule wa Villa Griffone.

Marconi na Ufashisti

Marconi alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini mwaka 1923. Serikali hiyo ilimpa uongozi wa baraza la taifa la utafiti, ikampa cheo cha ukabaila mwaka 1929, na mwaka 1930 ikamfanya rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia. Mwaka 1931 aliijengea Vatikani kituo cha redio, na tarehe 12 Februari Papa Pius wa Kumi na Moja akahutubia dunia kupitia kwacho. Nyaraka za Akademia zilizochunguzwa miongo mingi baadaye zilionyesha kwamba majina ya wasomi wa Kiyahudi waliopendekezwa yalitiwa alama, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekubaliwa katika kipindi chake.

Mwezi wa Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Marconi, aliyekuwa mgonjwa wa moyo, alisafiri nchi za nje kuutetea uvamizi huo. Alipotaka kuzungumza kupitia BBC ili kuwaeleza Waingereza msimamo wa Italia, alikataliwa. Mtu ambaye kampuni yake iliwahi kuamua meli ipi ijibiwe na ipi isijibiwe alijikuta amefungiwa kipaza sauti na shirika alilosaidia kulizaa. Ethiopia yenyewe ilikuwa na sauti pia. Mfalme Haile Selassie aliuhutubia ulimwengu kwa redio mwaka huo huo. Kusikika kwake hakukuizuia mizinga wala sumu ya gesi iliyotumiwa na majeshi ya Italia.

Kufariki na Yaliyofuata

Guglielmo Marconi alifariki mjini Roma tarehe 20 Julai 1937 akiwa na umri wa miaka 63. Ilikuwa imetimia miaka 40 kamili tangu kampuni yake iandikishwe. Alifanyiwa mazishi ya kitaifa, na vituo vya redio vya nchi nyingi vilinyamaza kwa dakika mbili.

Miaka miwili baadaye vita vikuu vya pili vilizuka. Vijana wengi wa Kikamba walikuwa katika kikosi cha King's African Rifles, na wengine wengi waliandikishwa wakati huo. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kupigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia. Addis Ababa ilikombolewa mwezi wa Aprili 1941. Serikali ya kikoloni sasa ilihitaji kuzungumza na jamaa za askari hawa waliobaki nyumbani, kuwapa habari na kuwatuliza nyoyo. Ndipo matangazo kwa lugha za Kiafrika, zikiwemo Kiswahili na Kikamba, yalipoanza kusikika kutoka Nairobi. Mitambo ilikuwapo kwa zaidi ya miaka kumi. Kilichokosekana ni haja ya mwenye mtambo.

Upande wa vipokezi nao ulikuwa na kisa kama hicho. Redio za viwandani zilikuwa ghali na zilihitaji umeme. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza, kwa ombi la maafisa wa utangazaji wa Lusaka, ilitoa redio ya betri kavu yenye umbo la sufuria kwa bei ya pauni tano ili kuwafikia Waafrika. Baadaye redio ndogo za transista zikaenea hadi vijijini, na msikilizaji wa Mumbuni akaacha kutegemea kisanduku cha mlowezi, cha chifu au cha mwenye duka.

Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 1943 iliyobatilisha sehemu muhimu za hataza ya Marconi ya ulinganishaji wa masafa, kwa hoja kwamba wengine, akiwemo Oliver Lodge na Nikola Tesla, walikuwa wamemtangulia. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na English Electric mwaka 1946, ikaingia katika kampuni ya GEC mwaka 1968, na mwaka 1999 GEC ikalichukua jina la Marconi. Miaka miwili baadaye thamani ya hisa zake iliporomoka vibaya. Mwaka 2006 sehemu kubwa ya biashara iliyobaki ilichukuliwa na Ericsson ya Uswidi.

Hitimisho

Maisha ya Marconi yanaweza kusimuliwa kama hadithi ya kijana aliyevuka bahari kwa waya na tiara, na hadithi hiyo ni ya kweli. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuyasoma kwa jicho la pili. Marconi hakuyaumba mawimbi, wala hakuwa wa kwanza kuyatambua. Aliunda vifaa bora kuliko wenzake, kisha akajaribu kuhakikisha kwamba mwenye vifaa ndiye mwenye mamlaka juu ya mazungumzo. Mataifa yalimpinga mjini Berlin na kushinda. Nchini Kenya hapakuwa na mkutano wa namna hiyo kwa muda mrefu, na Mkamba alisubiri hadi vita vilipoifanya lugha yake iwe na faida kwa wengine.

Leo hali imebadilika. Kikamba kina vituo vyake, na wenye vituo hivyo ni Wakenya. Hata hivyo, mitambo na vifaa vingi vya kurushia matangazo bado hununuliwa ng'ambo, na kituo huhitaji leseni ya masafa pamoja na mlingoti wa kurushia, uwe wake au wa kukodi. Wanafunzi wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Kiafrika huzungumzia sana sera za lugha katika vyombo vya habari. Ni vyema wakazungumzia pia vyombo vyenyewe, nani anavyoviunda, nani anavimiliki na kwa masharti gani. Lugha za Kenya zilikuwapo zikizungumzwa muda wote ambao mitambo ya Nairobi ilikuwa ikitangaza kwa Kiingereza. Hazikukosa wazungumzaji, wala waimbaji, wala watambaji wa hadithi. Zilikosa mtu wa kuzifungulia kipaza sauti.